Chuo Hakihami

Katika nyumba ile vitabu vilikuwa vya aina moja, lakini heshima zilikuwa za aina mbili. Msomi akifungua kitabu, televisheni inazimwa, mlango wa chumba chake unarudishwa polepole, na mama mwenye nyumba anatembea kwa kunyata kama kuna kichanga kimelala. Kaimu akifungua kitabu hicho hicho, ukurasa huo huo, anaulizwa chumvi iko wapi.

"Mkwe wangu, chumvi umeiweka wapi?"

"Kabatini, mama. Pale pale."

"Pale pale wapi?"

Basi Kaimu anaweka kalamu, anainuka, anakwenda kuonyesha chumvi ambayo haijahama tangu aolewe. Akirudi mezani, sera ya umma imeshamtoka kichwani na hasira imekaa mahali pake. Huko chumbani wifi yake anasoma kwa raha zake, na chai anapelekewa.

Tuseme ukweli mapema tusije tukazungushana. Kaimu alikuwa na wivu. Si wivu wa mume, maana mume wake, Fundi, alikuwa mtengeneza majokofu, mtu wa maneno machache na nguo za kazi, wala hakuna aliyekuwa akimgombea. Wivu wake ulikuwa wa shule. Alimwonea wifi yake kijicho tangu asubuhi mpaka jioni, na ukimuuliza ana nini atakwambia kiungulia.

Hilo jina la Kaimu lilitoka kazini. Mkuu wa kitengo cha masoko kwenye ofisi ya halmashauri alipostaafu, yeye aliambiwa akaimu nafasi ile kwa muda, mpaka apatikane mwenyewe. Muda wenyewe ukaota mizizi. Wakurugenzi wakaja na kuondoka, mapazia yakabadilishwa, yeye akabaki kaimu. Kazi zote za mkuu zilikuwa zake, lawama zote zilikuwa zake, ila kiti kilikuwa cha kuazima. Kila alipouliza, jibu lilikuwa moja: nafasi hiyo inataka mtu mwenye shahada ya uzamili. Wauza mboga sokoni wakazoea kumwita Kaimu, majirani wakadaka, mwisho hata mume wake akawa anamwita hivyo mezani.

Na shahada yenyewe angekuwa nayo zamani. Akiwa bado mke mpya katika nyumba ile, alipata nafasi chuoni kusomea uzamili wa utawala wa umma. Msimu huo huo mdogo wa mume wake, binti wa sekondari, naye akachaguliwa kuingia chuo kikuu. Mfuko wa nyumba ulikuwa mmoja. Mama mkwe akaitisha kikao sebuleni. Yeye alikaa kwenye kochi kubwa, binti yake kando akilia kabla hajanyimwa kitu, na Fundi kwenye kigoda akivikagua viatu vyake kama vimeletwa kutengenezwa. Mama mkwe akatoa hukumu iliyopakwa asali.

"Mwanangu, wewe kazi unayo tayari. Mpishe mdogo wako aanze. Chuo hakihami."

Kaimu alicheka akasema hakuna shida, mama. Wanawake wengi wanakijua kicheko kile, kinachotoka na meno tu. Na kweli chuo hakikuhama. Binti akaenda, akarudi na shahada, akapata kazi ofisi ya maji, akarudi kwenye chumba chake, na nyumba nzima ikambatiza jina la Msomi. Hakuna aliyeitisha kikao kingine cha kusema sasa ni zamu ya nani. Kaimu alijipanga mwenyewe, kimyakimya, mpaka akapokelewa kwenye uzamili wa utawala na sera za umma. Siku hiyo alirudi nyumbani na furaha yake mwenyewe, hakuazima kwa mtu. Msomi akamkumbatia, akasoma ile karatasi ya kupokelewa, akasema, "Wifi, basi na mimi nijaze. Twende wote, tutasaidiana njiani."

Kaimu angeweza kummeza mzima mzima. Alichosema ni, "Vizuri wifi."

Masomo yalikuwa Jumamosi, katika ukumbi wenye feni moja iliyokuwa ikimpepea mhadhiri peke yake. Mhadhiri alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba, ambayo muda mwingi ilining'inia kifuani. Wanafunzi walishajua kuisoma ile miwani: ikining'inia, unachosema ni cha kawaida, ikipanda puani, umesema kitu.

Siku ya kueleza mada za utafiti, Kaimu alisimama na mada yake: sababu za ucheleweshaji wa maamuzi katika ofisi za umma. Alikuwa ameiandaa kwa jasho. Mhadhiri akasikiliza, miwani kifuani. "Sawa," akasema. "Mada imezoeleka, lakini ukiichimba inaweza kutoa kitu."

Akasimama Msomi. Yeye alitaka kujua kwa nini wachuuzi wanapewa vizimba vizuri ndani ya soko, kisha baada ya muda mfupi wanarudi kupanga bidhaa barabarani. Hajamaliza hata sentensi ya pili, miwani ikapanda.

"Hii ndiyo sera yenyewe," mhadhiri akawaambia wote. "Karatasi inasema hivi, miguu ya watu inasema vile. Mwenye mada kama hii aishike asiiachie."

Moyo wa Kaimu ulifukuta. Soko lile lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyewagawia wale wachuuzi vizimba, yeye ndiye aliyetukanwa walipotoka, yeye ndiye anayejua nani ana mdomo na nani ana deni la ushuru. Msomi alikuwa akienda pale kununua nyanya. Soko langu, akajiambia, na sifa zake. Njiani kurudi wifi yake alipiga soga, naye akaitikia kwa "mm" mpaka nyumbani.

Hapo sasa ndipo shetani alipopata pa kuweka kiti. Ili Msomi aingie sokoni na kuhoji watu, alihitaji kibali cha halmashauri. Kibali cha sokoni husainiwa na mkuu wa kitengo cha masoko, na mkuu asipokuwepo husainiwa na kaimu. Barua ya Msomi ikafika mezani kwa wifi yake ndani ya faili lililofungwa kamba vizuri na Bibi Masjala, mtunza mafaili wa ofisi ile, mwanamke aliyejua kila karatasi imelala wapi na imelala na nani.

Kusaini kibali ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kaimu alichukua kalamu. Akaikumbuka ile miwani ilivyopanda puani. Akaiweka kalamu, akafungua droo ya chini, akalilaza faili humo.

Ofisi zina namna zake za kukataa bila kutamka neno hapana. Pale kwao walikuwa na msemo: baada ya kikao. Ukiuliza kikao kipi, unaambiwa kitapangwa. Kila mtumishi alijua maana yake, yaani faili likalale usingizi wa pono. Kaimu mwenyewe, katika sura ya kwanza ya tasnifu yake, alikuwa ameuandika msemo huo kama ugonjwa wa utumishi, na akaulaani kwa lugha nzuri sana. Mganga hajigangi. Bibi Masjala alipopita kuulizia faili, Kaimu alimjibu bila kuinua uso, "Baada ya kikao, mama."

Bibi Masjala alimtazama, akaitikia, akaenda zake. Alikuwa amefanya kazi pale muda mrefu na hakuzoea kubishana na droo.

Nyumbani Msomi aliuliza, "Wifi, barua yangu imefika kwako?"

"Imefika. Nimeipandisha kwa Mkurugenzi. Unajua tena mambo ya huko juu."

"Ahsante wifi. Nisingekuwa na mtu pale ningeshapigwa danadana."

Kaimu alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wiki zikapita. Chuo kilikuwa na sheria yake: asiyewasilisha tasnifu kabla ya msimu kufungwa anarudia mwaka. Na ofisi ya maji ilikuwa imeshamwambia Msomi kwamba ruhusa ya masomo haitolewi mara mbili. Bila kibali hakuna utafiti, bila utafiti hakuna tasnifu, na bila tasnifu uzamili wake ungeishia hapo. Kaimu aliyajua yote hayo. Alikuwa na roho ya kwa nini, na roho hiyo haikuwa imelala hata kidogo.

Msomi akaanza kunyong'onyea. Alikaa sebuleni bila kitabu, na kwa kuwa hasomi, televisheni ikaanza kuwashwa tena. Jioni moja mama mkwe aligeuka akamuuliza Kaimu, "Na wewe mwanangu umefikia wapi?" Hakuwahi kuulizwa swali hilo. Kaimu akajibu kwa kirefu, akaona ladha yake, ladha ya kuwa mbele. Utamu ule ulimtia aibu, lakini ulikuwa utamu. Ofisini kila alipofungua droo ya chini kuchukua stepla aliona ncha ya lile faili. Akahamishia stepla droo ya juu.

Utafiti wake mwenyewe haukuwa ukienda vizuri. Aliwahoji wananchi waliocheleweshewa mambo yao maofisini, na wote walimjibu kwa adabu ya woga. Mtandao, walisema. Watumishi wachache, walisema. Mhadhiri akazirudisha karatasi zake, miwani kifuani.

"Mahojiano yako mepesi," alimwambia. "Watu wanakujibu kama wanavyomjibu bosi. Tafuta mtu mmoja tu akwambie mpaka mwisho, ndipo urudi kwangu."

Jumapili moja mchana Kaimu alikuwa jikoni anamenya viazi, karatasi zake za hojaji zimelala pembeni ya sufuria. Mama mkwe alikuwa amejipumzisha, Fundi alikuwa kwa mteja. Msomi akaingia, akavuta kiti, akazitazama zile karatasi.

"Bado hujampata mtu?"

"Bado."

"Nihoji mimi basi. Na mimi nimecheleweshwa."

Kisu kikasimama kwenye kiazi. Kukataa kungezua maswali. Kaimu akafuta mikono, akachukua kalamu, akasoma yale maneno ambayo kila mtafiti lazima amsomee mhojiwa. "Una uhuru wa kukataa swali lolote. Jina lako halitatajwa."

"Naelewa," Msomi akasema. Alikuwa amekunja mikono mapajani kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Ombi lako ulilipeleka ofisi gani?"

"Kitengo cha masoko."

Kaimu akaandika. "Uliambiwa nini?"

"Niliambiwa liko juu kwa Mkurugenzi. Nikaenda kwa Mkurugenzi, katibu wake akatafuta, akasema halijawahi kufika. Nikaenda masjala. Yule bibi akaniambia faili halijatoka kwa Kaimu, linasubiri kikao."

Jokofu la pale jikoni, ambalo kama yalivyo majokofu ya mafundi lilikuwa bovu, lilitikisika likanyamaza. Kaimu alihisi masikio yanawaka moto.

"Umejua tangu lini?"

"Hilo swali halimo kwenye karatasi yako, wifi." Msomi hakupandisha sauti. "Nimejua siku nyingi. Nilikasirika sana. Nilitaka kumwambia kaka. Nilitaka kumwambia mama, nikaona akijua humu ndani hapatakalika. Nikasema ngoja nikisubiri hicho kikao. Endelea."

Kaimu aliendelea kwa sababu macho yake yalihitaji mahali pa kukaa. "Kwa maoni yako, sababu ya kuchelewa ni ipi? Uchache wa watumishi, mtandao, utaratibu mrefu, au sababu nyinginezo?"

"Nyinginezo."

"Fafanua."

"Usinilazimishe kufafanua. Andika nyinginezo."

Akaandika. Likabaki swali la mwisho. "Unapendekeza nini kifanyike?"

Msomi alitazama kupitia mlango wa sebuleni, kule kwenye lile kochi kubwa.

"Aulizwe mhusika ni nani aliyemchelewesha yeye. Siku ile nilikuwa pale, wifi. Nilikuwa nalia lakini masikio yalikuwa yanasikia. Ulicheka, na nikajua hujacheka. Nikanyamaza kwa sababu chuo nilikitaka."

"Na miaka yote hiyo hukusema neno."

"Ningesema nini? Ahsante kwa kunipisha? Nililiona neno dogo, nikaona haya."

"Ungelisema hivyo hivyo na udogo wake." Kaimu alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe imekwaruza. "Halafu nikapata changu, cha kwangu peke yangu, ukajaza na wewe. Ukanifuata mpaka huko. Ukachukua na soko langu."

"Nilidhani nakupa mtu wa kwenda naye."

"Nilitaka kwenda peke yangu."

Msomi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa hesabu aliyokosea. "Sasa nimejua," akasema. Akavuta sufuria upande wake, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi vilivyobaki. Alikuwa hajui kumenya, maganda yalitoka manene na viazi vikabaki vidogo. Siku nyingine Kaimu angemkosoa. Leo alimwacha aviharibu.

Jumatatu alifungua droo ya chini, akatoa faili, akasaini. Hakulisubiri litumwe, alilibeba mwenyewe mpaka masjala. Bibi Masjala akalifungua, akaisoma sahihi, akauliza bila tabasamu, "Kikao kimekaa?"

"Kimekaa, mama."

Kisha akampeleka wifi yake sokoni, akamtambulisha kwa viongozi wa wachuuzi, akawaambia, "Mwambieni ukweli wote, hata wa kunitukana mimi." Msije mkadhani wivu ulikuwa umekwisha. Alipowaona wachuuzi wanamzunguka Msomi, wanamvutia kiti, wanamweleza mambo ambayo yeye hawakuwahi kumweleza, alitamani kulirudisha lile faili kwenye droo. Walisema vizimba vimeelekezwa ukutani, mteja akipita haoni bidhaa. Walisema walishamwambia Kaimu, na Kaimu akawajibu baada ya kikao. Hilo nalo likaandikwa. Kaimu alisimama palepale akaliona likiandikwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule binti alikuwa anajua kusikiliza.

Msomi alifanya kazi ya kufa na kupona, akawasilisha tasnifu mlango ukiwa karibu kufungwa. Wote wawili wakapangiwa siku moja kutetea tasnifu zao mbele ya jopo. Kaimu alitangulia.

Alitetea vizuri, jasho likimtiririka upande ambao feni haikufika. Mwishoni mjumbe mmoja wa jopo, mzee mwenye kikohozi, akaweka kidole kwenye jedwali.

"Hapa umeandika sababu nyinginezo, mhojiwa mmoja. Sababu gani hiyo?"

Kaimu angeweza kujibu mambo binafsi, na jopo lingepita juu yake. Alitazama nyuma. Msomi alikuwa amekaa safu ya mwisho, anachezea kifuniko cha kalamu, uso umeinama. Hakuwa akimlazimisha kitu.

"Wivu," Kaimu akasema.

Watu wakacheka kidogo. Yule mzee hakucheka. "Mbona kwenye sura yako ya nadharia haumo?"

"Kwenye nadharia haumo," Kaimu akajibu. "Lakini kwenye droo ya mhusika ulikuwemo. Mhusika namfahamu, nimekaa naye kiti kimoja."

Mhadhiri aliipandisha miwani puani, akamtazama mwanafunzi wake kwa muda, akaandika kitu. Akatangaza kwamba Kaimu amefaulu, ila arekebishe sura ya nadharia, aingize yale aliyoyasema kwa mdomo.

Ikaja zamu ya Msomi. Alianza, kama ilivyo desturi, na shukrani: wazazi, mwajiri, wachuuzi wa sokoni. "Na mwisho kabisa," akasoma, "namshukuru Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Masoko kwa kunipa kibali, hatimaye."

Jopo halikuona kitu. Kaimu alikiona, na kicheko kikamponyoka, cha tumboni, mpaka akaziba mdomo kwa mkoba. Kisha Msomi akaendelea, na miwani ikapanda na kukaa huko huko. Alifaulu bila kuambiwa arekebishe hata nukta. Wivu ukamrudia Kaimu, ule ule, haukuwa umebadilisha hata nguo. Akapiga makofi nao ukiwa ndani, viganja vikamuuma.

Nje ya ukumbi Msomi alimpigia mama yake simu. Kaimu alisimama pembeni akisubiri kusikia nyumba nzima ikimshangilia mwingine.

"Mama, tumefaulu wote," Msomi akasema. "Wifi ametangulia. Ila yeye amepewa kazi ya kurekebisha, mimi sina. Kwa hiyo tukifika, televisheni izimwe." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo mama. Kwa ajili yake. Na nisilazimike kuomba mara mbili."

Jioni hiyo Kaimu alikaa kwenye meza ya sebuleni na sura yake ya nadharia. Televisheni ilikuwa kimya. Fundi alipita amevua viatu, amevishika mkononi. Wifi yake alileta kikombe cha chai, akakiweka bila neno, akarudisha mlango polepole. Kaimu alishika kalamu asijue aanzie wapi, maana kimya chenyewe kilikuwa kigeni. Huko jikoni alimsikia mama mkwe akifungua kabati moja, akalifunga, akafungua jingine, akitafuta chumvi, na hakumwita.